Adabu ya Kutaja Mchezo wa Jumamosi

Katika mji wa Tanga, tangu barabara za Ngamiani zihesabiwazo kwa nambari, ya kwanza hata ya ishirini na moja, mpaka Chumbageni, Makorora na Raskazone, vijana wenye simu na wale wachache wenye mashine za kuchomekwa kwenye runinga huulizana kila Ijumaa, sala ikisha na kazi zikianza kulegea, swali hili: kesho na keshokutwa utacheza gemu gani? Wazee wengine hulisikia wakatikisa kichwa, ilhali wao wenyewe, zama za ujana wao, hawakuiachia Jumamosi iwafikie barazani pasipo kujulikana mapema nani atakaa na nani kwenye bao, nani atashika karata, na nani atangoja zamu yake kwenye dhumna. Chombo kimebadilika, haja ya kupeana habari kabla ya mapumziko haikubadilika.

Basi mwongozo huu, msomaji, haukusudii kukufundisha kucheza, kwa kuwa kila mtaa una waalimu wa jambo hilo na wengine wao hawajatimiza miaka kumi. Unakusudia kukuelekeza namna ya kutaja utakachokicheza, na namna ya kumsikiliza mwenzio anapokitaja chake. Rai yangu ni kwamba mwenye kutaja mchezo wake wa mwisho wa juma anatoa mwaliko, ajue asijue, na mwaliko usiokuwa na mahali, saa, nafasi na kikomo ni majivuno yaliyovishwa kanzu. Tazama ujumbe huu, ambao mfano wake hupita katika makundi ya WhatsApp kila Ijumaa: “Oya wanangu, wikiendi hii FIFA. Nawapiga wote.” Mwandishi amefurahi, na furaha yake si haramu, lakini wenzake hawakupata faida yoyote: hawajui wapi, lini, kwa mashine gani, wala kama wamekaribishwa au wameambiwa tu wamwonee wivu. Tutaurudia ujumbe huu baadaye kuunyoosha; kwanza tuchukue mambo yanayoufanya uwe mpungufu.

La kwanza ni jina. Kampuni ya EA ilianza kutoa mchezo wake wa kandanda wenye jina la FIFA mwaka 1993, na kwa muda wa takriban miaka 30 jina hilo likakaa vinywani mwa watu hata likawa jina la kila mpira uchezwao runingani. Kisha mapatano baina ya kampuni na shirikisho yakaisha, FIFA 23 ikawa ya mwisho, na tangu Septemba 2023 mchezo ule ule unauzwa kwa jina la EA Sports FC. Hasimu wake wa Kijapani, ambao wengi wetu tuliuzoea kwa jina la PES, nao ulibadilishwa jina na wenyewe, Konami, mwaka 2021, ukaitwa eFootball na ukaanza kutolewa bure. Walakini habari za mikataba hazifiki vibarazani, na kila mtu anaendelea kusema FIFA na PES kama alivyosema jana. Hapana ubaya, maadamu mnaelewana. Lakini mtu akikwambia kuwa Jumamosi anacheza PES, huenda anakusudia PES 2013 iliyo ndani ya PS3, huenda anakusudia diski ya PS2, mashine iliyotoka Japani mwaka 2000 na ambayo Sony ilikwisha acha kuiunda ulipoingia mwaka 2013, na huenda anakusudia ile ya simu ambayo haikai runingani kabisa. Wewe ukatoka kwenu Duga na pedi yako ya PS4 mkobani, ukapanda bodaboda, ukafika ukakuta tundu halikubali. Taja mchezo, taja toleo, taja mashine. Maneno matatu yatakuokolea nauli ya kwenda na kurudi.

La pili, ambalo watu hulidharau mno, ni hesabu ya wakati. Gemu moja ya mpira, ikiwekwa dakika sita kila kipindi, haiishi kwa dakika kumi na mbili, kwa sababu yako ya kuchagua timu, kubishana juu ya mtu anayechukua timu ile ile kila siku, kusimamisha mchezo ili kubadili wachezaji, na kurudia kutazama bao lililofungwa hata mfungwa akaomba radhi. Ihesabu kuwa robo saa na usidanganyike. Sasa ukialika watu wanane mcheze mtoano, mechi ni 7, nazo humalizika kabla ya saa mbili kutimia. Watu wale wale wanane wakitaka ligi, kila mmoja akutane na mwenziwe mara moja tu, mechi zinakuwa 28, nazo kwa robo saa ni saa saba kamili bila ya sala, bila ya chakula, na bila ya yule mmoja ambaye lazima atoke kwenda kupokea simu uani. Watu wanne ndio kiasi kizuri kwa runinga moja na pedi mbili: ligi yao ya nyumbani na ugenini ni mechi 12, yaani saa tatu, na hakuna anayengoja hata akasinzia. Nimeona karamu nyingi za gemu zikiharibika, na aghalabu hazikuharibiwa na ugomvi wala na umeme, bali na mwenyeji aliyekaribisha mtaa mzima kwenye pedi mbili.

Iko michezo isiyogawanyika kwa zamu, na hiyo itajwe kwa namna yake. GTA San Andreas, iliyotoka mwaka 2004 na ambayo mpaka leo ina watu wake katika pwani hii, ni kisa kirefu cha mtu mmoja. Ukisema kuwa Jumapili unaicheza, ongeza kuwa wenzio watakuwa watazamaji, ili ajaye aje kwa nia hiyo. Tena, ikiwa mashine ni ya kuazima, ulizia kwanza kadi ya kumbukumbu. Ile ya PS2 ina megabaiti 8 tu, na huenda wanayo ndugu watatu kwa shirika, na mgeni akihifadhi safari yake juu ya safari ya mwenye nyumba, urafiki hupata ufa ambao hauzibwi kwa soda.

Ukicheza kwenye kibanda cha kulipia, sheria si yako. Kanuni iliyoenea ni kwamba aliyefungwa ndiye alipaye na ndiye ainukaye, na aliyeshinda hukaa mpaka apatikane wa kumwinua. Kanuni hii ni ya haki kwa mwenye kibanda, kwa kuwa pedi hazipoi, lakini humwonea anayejifunza, ambaye hulipa kila mara na kucheza kidogo kuliko wote. Kwa hiyo unapotaja kwamba Jumamosi mtakutana kibandani, mseme mapema kama mtalipa kwa kufungwa au kwa kugawana sawasawa. Ama kuweka dau juu ya matokeo, hilo silo jambo la mwongozo huu. Nasema tu kwamba lililoanza kwa mia mbili haliishii kwa mia mbili, na kama kulipiwa ukumbi na aliyeshindwa kunaingia katika kamari au hakuingii, mas-ala hayo nawaachia maulamaa.

Nyumbani ndiko penye mazito zaidi, kwani huko runinga ina mwenyewe. Kijana mwenye akili hatangazi kitu kundini kabla hajapata idhini, na idhini haiombwi Jumamosi saa tisa na nusu wageni wakiwa wamekwisha vua viatu. Sikiliza jinsi jambo hili linavyokwenda likienda vyema.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umekaa kitako kwa adabu hivi, wataka nini?”

“Nilikuwa naomba runinga kesho, bibi. Mimi na wenzangu watatu, tucheze gemu ya mpira.”

“Na taarifa ya habari?”

“Haitafika huko, bibi. Tunaanza saa kumi, saa moja na nusu tumezima na nyaya tumezitoa.”

“Na umeme ni wa nani?”

“Luku nitanunua mimi.”

“Haya, inshallah. Viatu mvivulie uani. Na yule mwenye makelele, mwambie mimi bado nasikia.”

Katika maneno hayo machache kijana ametaja idadi ya watu, saa ya kuanza, saa ya kuzima na gharama, na bibi, ambaye saa mbili usiku humkuta mbele ya taarifa ya habari kama vile dira ielekeavyo kaskazini, ameridhika bila ya kuombwa mara ya pili. Zingatia hasa ile saa ya kuzima. Wengi hutaja saa ya kuanza na kuiacha ya mwisho kuwa siri ya Mola, kumbe hiyo ya mwisho ndiyo inayompa mzazi imani na mchezaji hatamu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha ya maradhi iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeyaingiza maradhi ya kucheza gemu, na alama zake si wingi wa saa kwa wenyewe: ni mtu kushindwa kujizuia, kuitanguliza gemu mbele ya mambo yake mengine, na kuendelea nayo ijapokuwa madhara yameonekana, hali hiyo ikidumu kwa kawaida miezi 12. Mtu awezaye kusema Ijumaa kwamba Jumamosi saa moja na nusu atazima, na ikifika akazima, hana haja ya kupimwa na mtu.

Sasa tuwageukie wenye simu, ambao ndio wengi. Hapa adui ni bando. Michezo mikubwa ya vita, kama PUBG Mobile iliyotoka mwaka 2018, hudai kujisasisha mara kwa mara kwa gigabaiti kadhaa, nayo hupenda kudai hivyo saa ile ile watu wamekwisha jipanga. Kwa hiyo mwenye kuitaja Ijumaa na aifungue Ijumaa usiku, aone kama kuna cha kushusha, akishushe wakati bei ya bando ni ya usiku, kisha ndipo atoe ahadi. Anayekwenda kwao Pangani, Muheza au Moa kwa mapumziko na achague mchezo usiotegemea mtandao. Ludo King huchezwa na watu wawili hata sita kwa simu moja inayopitishwa mkono kwa mkono, jambo linalofaa sana ndani ya basi iwapo jirani yako ni mcheshi. Na Mini Militia huunganisha simu za watu waliokaa pamoja kwa waifai ya simu moja, pasipo kuteketeza bando la yeyote. Useme katika mwaliko wako kama mchezo unataka mtandao au hautaki. Neno hilo moja humpa asiye na vocha nafasi ya kuitikia bila ya kuona haya.

Yako pia mas-ala ya jamaa walio mbali, na hapo watu wa mwambao huingia katika matatizo ambayo wa bara huenda wasiyafahamu, kwa kuwa aila zetu zimetawanyika baina ya Tanga, Unguja, Mombasa, Maskati, Dubai na London. Binamu yako aliyeko Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, na desturi hiyo imekuwa hivyo tangu mwaka 2013. Jumapili yako ya starehe kwake ni siku ya kuwahi kazini. Aliyeko Dubai, tangu Januari 2022, ana nusu ya Ijumaa pamoja na Jumamosi na Jumapili. Kwa hiyo siku inayowakusanya nyote bila ya udhuru ni Jumamosi, nayo itumieni kwa walio mbali, Jumapili ibaki kwa wa mtaani. Kisha kuna saa. Maskati imetutangulia kwa saa moja: yetu saa mbili usiku ni yao saa tatu. London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi chao, hivi kwamba saa mbili usiku ya Tanga huwa kwao saa kumi na moja jioni au saa kumi na mbili, kwa mujibu wa majira. Na juu ya yote hayo, mpwa aliyezaliwa Uingereza ukimwandikia “saa 2” bila ya kuongeza “usiku”, huenda akakungoja mchana kweupe, saa nane yetu, amekaa na pedi yake, akidhani umemtupa. Andika saa kwa Kiswahili, na mbele yake uandike ile inayosomeka kwenye simu, yaani 20:00 ya Tanga. Ikiwa mtandao unakwama baina yenu, na mpira wa haraka hukwama kweli kweli, chagueni mchezo wa zamu ambao kuchelewa kwa sekunde mbili hakumdhuru mtu.

Ratiba ya mtaa nayo iheshimiwe. Siku Coastal Union, Wagosi wa Kaya, wanapocheza Mkwakwani, usiweke gemu saa ya mechi. Timu iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa nchi mwaka 1988 haistahili kushindana na runinga yako, na watakaokuja watakuwa ni wale tu wasiojali, ambao si wachezaji wazuri. Siku ya Simba na Yanga ndiyo kabisa, usitaje kitu.

Watoto wakiwemo nyumbani, tazama alama iliyo juu ya kasha la diski. Nambari za Ulaya, zilizoanza mwaka 2003, ni 3, 7, 12, 16 na 18, nazo hueleza umri unaofaa kuona yaliyomo, wala hazielezi ugumu wa mchezo kama baadhi ya wazazi wanavyodhani. Minecraft ina 7. GTA ina 18. Ukitaja mchezo wa 18, utaje pia kwamba utaucheza baada ya wadogo kulala, na mjomba atakayesoma ujumbe ule hatakuwa na la kusema.

Ama kusikiliza, ni nusu ya adabu hii, na ndiyo nusu inayopotea. Mwenzio akisema kuwa Jumamosi atacheza nyoka kwenye Nokia yake ya batani, mchezo ulioingia katika simu hizo mwaka 1997, usimcheke. Akisema atapanga vitofali vya Tetris, vilivyobuniwa na Alexey Pajitnov huko Moscow mwaka 1984, usimwambie kuwa hiyo si gemu. Yuko dada asemaye kuwa atapigana Tekken, nawe ukataka kumuuliza amejifunzia wapi. Mkumbuke Sylvia Gathoni wa Nairobi, aitwaye QueenArrow, aliyefika mashindano ya kimataifa kwa mchezo huo huo, kisha uulize swali lifaalo zaidi, yaani kama iko nafasi ya pili. Na asemaye kwamba hachezi kitu, anakwenda kuvua na baba yake Sahare, naye amejibu swali kikamilifu.

Turudi kwa ule ujumbe wa awali. Ukinyooshwa, unaweza kuwa hivi: “Assalaam aleikum jamani. Kesho Jumamosi PES 2013 ya PS3, nyumbani kwa bibi, barabara ya 12. Saa 10 jioni mpaka saa 1 na nusu usiku, nusu saa ya magharibi imo. Pedi mbili zipo, nataka watu watatu, mimi wa nne, ligi nyumbani na ugenini. Luku juu yangu. Wa kwanza kuitika ndio hao. Umeme ukikatika kuna bao.” Hakuna neno la kupiga mtu hapo, na anayetaka kutamba atapata saa tatu nzima za kutamba uwanjani.

Ule umeme usiuandike kwa ajili ya kupamba. Bao liwepo kweli, na kete zake 64 zihesabiwe kabla ya wageni kufika, kwa maana likikosa mbili hakuna atakayekubali kunamua, na mkiishia kutafuta kokoto uani gizani jioni imekwisha. Ikiwa wewe ndiwe unayeghairi, sema kabla ya saa sita mchana ya Jumamosi, ili nafasi yako apewe wa tano aliyekosa. Usiseme kwa kunyamaza. Na umeme ukirudi saa nne usiku, ligi isifufuliwe kwa ujumbe wa kuamsha watu. Piga picha ya jedwali lilipofikia, iweke kundini, na mechi zilizosalia zitajwe Ijumaa ijayo pamoja na mwenyeji mpya, kwa sababu bibi hakuombwa Jumamosi mbili.